Programu huria za hesabu za viwanda: Kutoka Queensbury hadi Ziwa Kivu

Kaskazini-magharibi ya jiji la London, kwenye njia ya treni ya chini ya ardhi iitwayo Jubilee, kiko kituo cha Queensbury. Kituo hicho kilifunguliwa tarehe 16 Desemba mwaka 1934, na jina lake ni la kubuni: kituo jirani kiliitwa Kingsbury, jina lenye mfalme ndani yake, basi hiki kikapewa jina lenye malkia. Nyumba za matofali za zama hizo bado zimesimama safu kwa safu mpakani mwa manispaa za Brent na Harrow, na mtu atokaye Afrika Mashariki hajioni mgeni sana hapo. Mikahawa ya maeneo hayo huuza mihogo ya kukaanga, yenye pilipili na ndimu, kwa jina la "mogo". Na wazee wa Kigujarati waliozaliwa Kisumu, Jinja au Tanga huweza kusalimiana kwa Kiswahili pasipo mtu kugeuza shingo.

Historia iliyowafikisha huko inajulikana. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya waliokuwa na pasi za Uingereza. Miaka minne baadaye, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini, na zaidi ya 27,000 kati yao wakapokelewa Uingereza. Waliacha nyuma maduka, mashamba na viwanda, vikiwemo viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi. Mitambo ilibaki, ujuzi wa kuiendesha ukaondoka na wenyewe, na Uganda ikajionea katika miaka iliyofuata jinsi vitu hivyo viwili visivyokuwa kitu kimoja.

Siku hizi jambo hilo limechukua sura nyingine. Chukulia mhandisi wa kemikali, mwanamke, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha maisha yakamfikisha Queensbury. Huyu ni wa mfano tu, lakini walio katika hali yake wapo. Elimu yake ameibeba kichwani. Chombo chake kikuu cha kazi, hata hivyo, hakubeba, kwa sababu hakikuwa chake tangu mwanzo. Chombo hicho ni programu ya kompyuta inayoiga mwenendo wa kiwanda, na leseni yake ilikuwa ya chuo, tena kwa kufundishia peke yake. Siku alipohitimu, mlango ulifungwa. Akiajiriwa na kampuni kubwa ya mafuta atafunguliwa tena; akifanya kazi kwa kujitegemea, bei ya leseni ya kibiashara inaweza kufikia makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, fedha ambazo mtu wa kawaida hana, awe London au awe Eldoret.

Programu hiyo hufanya nini hasa? Mfano mwepesi uko Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ambako kampuni ya magadi ilianzishwa mwaka 1911 na ambako tangu mwaka 2005 mmiliki ni Tata Chemicals ya India. Magadi ghafi, yale yale ambayo mpishi huyatia kidogo kwenye sufuria ili maharage yalainike, huoshwa kisha huchomwa katika tanuri. Moto huondoa maji na kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ni soda ya viwandani, ambayo hutumika kutengeneza vioo. Hesabu ya uzito ni ya kidato cha nne: tani 100 za magadi safi hutoa takriban tani 70 za soda, na zilizobaki ni mvuke na gesi. Hesabu hiyo inatosha kwenye kipande cha karatasi. Lakini tanuri linahitaji joto kiasi gani? Mafuta mangapi? Iwapo joto la moshi unaotoka litarudishwa kukausha magadi yanayoingia, mafuta yatapungua kwa kiasi gani, na je, kupungua huko hakutabadilisha tena joto la moshi ule ule? Hapo karatasi huanza kushindwa.

Programu ya uigaji humpa mhandisi ubao mtupu. Juu yake huchora tangi, pampu, tanuri na mnara, akaviunganisha kwa mishale inayowakilisha mabomba, kisha akaeleza kinachoingia: kitu gani, kiasi gani, katika joto na shinikizo lipi. Kompyuta huhakikisha kwamba kila kilichoingia kimetoka au kimebaki, kwa uzito na kwa nishati. Pale ambapo bomba la mwisho hurudi kulisha tangi la kwanza, hukisia jibu, hupima kosa, hukisia tena, kama mpishi anayeonja mchuzi na kuongeza chumvi kidogo kidogo, mpaka namba zitulie. Mara nyingine hazitulii, na hapo mhandisi hujua ama amekosea ama kiwanda alichokichora hakiwezi kuwepo.

Ugumu hasa umejificha katika jambo ambalo wapika gongo wa vijijini wanalifahamu kwa uzoefu. Katika mji wa Muhoroni, magharibi ya Kenya, kampuni ya Agro-Chemical and Food iliundwa mwaka 1978 kwa ajili ya kutengeneza spiriti kutokana na molasi, yaani masalia mazito ya kiwanda cha sukari. Molasi ikichachuka hutoa kileo chepesi, cha takriban asilimia 8 hadi 10, nacho hupitishwa katika minara ya kukenekea: huchemshwa, mvuke ukapanda na kupozwa. Kadiri mvuke unavyopanda ndivyo kileo kinavyokolea. Lakini kikifika asilimia 95.6 kwa uzito, katika shinikizo la kawaida la hewa, kukolea kunasimama. Mvuke na kimiminika huwa na mchanganyiko ule ule, na mnara ungejengwa hata kufikia mawinguni usingeongeza kitu. Kwenda mbele ya hapo kunahitaji mbinu nyingine.

Sasa, mhandisi akichagua ndani ya programu kanuni rahisi, ile inayochukulia kwamba maji na etanoli havijuani wala havivutani, kompyuta itamwambia bila wasiwasi wowote kwamba mnara wake utatoa kileo cha asilimia 99 na zaidi. Jibu litakuja na nukta na desimali, katika jedwali zuri. Nalo ni la uongo. Programu za aina hii hazina haya. Humjibu mtu swali alilouliza, hata kama swali lenyewe lilikuwa baya. Kwa hiyo kujua ni kanuni gani iliyotumika, na ilitumikaje, ni jambo la lazima kwa yeyote atakayeweka fedha zake au maisha ya wafanyakazi wake juu ya jibu hilo.

Jambo la kushangaza ni kwamba kanuni zenyewe hazikuwahi kuwa siri. Johannes van der Waals alizitolea msingi katika tasnifu yake huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1873. Otto Redlich na Joseph Kwong walizisogeza mbele mwaka 1949, Mtaliano Giorgio Soave akaziboresha mwaka 1972, na mwaka 1976 Ding-Yu Peng na Donald Robinson wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wakachapisha mlingano ambao mpaka leo ni tegemeo la hesabu za gesi asilia na mafuta. Yote hayo yalichapishwa katika majarida, na mwanafunzi yeyote anaweza kuyasoma. Kilichofungiwa ni msimbo wa kompyuta unaoyatekeleza, pamoja na hazina za takwimu zinazoulisha.

Na hata huo msimbo haukuanzia kabatini. Baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, serikali ya Marekani ilitoa fedha kwa mradi uliofanyika katika chuo cha MIT kuanzia mwaka 1976, uliopewa jina la ASPEN, wenye lengo la kutengeneza chombo cha kukokotoa mitambo ya nishati. Mwaka 1981 wahusika waliunda kampuni, AspenTech, ambayo ikawa miongoni mwa wakubwa wa biashara hii duniani. Haifai kuwadharau: kampuni hizo zimewekeza miongo mizima katika kupima, kusahihisha na kuwahudumia wateja, na kiwanda kinachonunua leseni hununua pia simu ya kupiga mambo yanapoharibika. Lakini ni kweli vilevile kwamba kazi iliyoanza kwa fedha za walipa kodi iliishia nyuma ya kufuli. Katika muongo wa 2010 Wizara ya Nishati ya Marekani iligharimia chombo kingine cha jamii hiyo, IDAES, na safari hii msimbo umewekwa wazi.

Hapa panahitajika tofauti ambayo Kiswahili kwa bahati njema huieleza vizuri kuliko lugha nyingi. Kuna kitu cha bure na kuna kitu huria. Programu iitwayo COCO, kwa mfano, hutolewa bure na imewafaa wanafunzi wengi, lakini msimbo wake haukufunguliwa. Programu huria ni ile ambayo mtu anaruhusiwa kuusoma msimbo, kuubadilisha na kumgawia mwingine, haki ambazo Richard Stallman alianza kuzipigania mwaka 1983 alipotangaza mradi wa GNU. Bei ni jambo la pili.

Katika uwanja wa uigaji wa viwanda, jina linalotajwa zaidi upande wa huria ni DWSIM. Mwanzilishi wake ni mhandisi wa Brazil, Daniel Wagner, na faili za msimbo wake hubeba alama ya mwaka 2008. Haikutoka kwenye maabara ya serikali wala kwenye jengo la ghorofa thelathini. Ilianza kama kazi ya mtu mmoja mwenye kompyuta, na wengine wakajiunga. Hutolewa kwa leseni ya GPL toleo la 3, hufanya kazi katika Windows, Linux na macOS, na humo ndani mlingano wa Peng na Robinson unaweza kusomwa mstari kwa mstari, na anayetilia shaka akaujaribu kwa kalamu. Kadhalika hufuata kiwango kiitwacho CAPE-OPEN, kilichotokana na mradi wa Ulaya ulioanza mwaka 1997, ambacho huwezesha kipande cha programu moja kuingia katika programu nyingine, kama plagi ya pini tatu ya London inavyoingia kwenye soketi ya Nairobi bila kuuliza.

India imeonyesha jinsi chombo kama hicho kinavyoweza kupandwa na kumwagiliwa. Katika chuo cha teknolojia cha IIT Bombay, mjini Mumbai, mradi wa FOSSEE unaogharimiwa na serikali huwaalika wanafunzi wachague kiwanda kilichokwisha kuelezwa katika vitabu, wakichore upya ndani ya DWSIM, na kazi ikikubaliwa baada ya kukaguliwa huchapishwa kwa jina la mwanafunzi naye hupewa malipo kidogo. Mwanafunzi hupata cheti na fedha ya vitabu. Programu nayo hupata mtu aliyeikoroga na kuona inapokwama. Hakuna kizuizi cha fedha kinachovizuia vyuo vya Afrika Mashariki kufanya vivyo hivyo. Kinachohitajika ni mhadhiri mwenye muda, na wahadhiri wenye muda, kila ajuaye vyuo vyetu atakiri, ni bidhaa adimu.

Isidhaniwe kwamba uhuru wa msimbo humaliza matatizo. Tatizo kubwa ni takwimu. Kanuni zinazofaa kwa mchanganyiko kama ule wa maji na etanoli hutaka vipimo vya maabara kwa kila jozi ya vitu, na vitu 10 ndani ya tangi moja hufanya jozi 45. Kwa vitu vitokanavyo na petroli vipimo hivyo vipo tele, kwa kuwa waliolipia maabara walikuwa wauza petroli. Lakini mtu akitaka kuiga kiwanda cha makonyo cha Wawi, kisiwani Pemba, ambapo mafuta ya karafuu hukenekwa kwa mvuke, atakuta rafu za takwimu ziko nusu tupu. Yujenoli, ambayo ndiyo roho ya mafuta hayo, huchemka kwenye nyuzi 254 hivi za Selsiasi, ilhali kwa msaada wa mvuke hutoka chini ya nyuzi 100, kwa kuwa maji na mafuta hayo hayachanganyikani na kila kimoja huchangia shinikizo lake. Hilo programu italikokotoa vyema ikipewa namba. Namba za mchanganyiko wenyewe, wenye viungo kadhaa na unaobadilika kulingana na kama ni makonyo, majani au karafuu zenyewe, lazima mtu azipime. Faida ya programu huria hapa ni kwamba anayezipima anaweza kuziingiza humo na zikabaki kwa wote, asisubiri kampuni ya mbali iamue kama karafuu ina soko la kutosha.

Tatizo la pili ni matunzo. Wasikilizaji wa Tanzania huenda wanakumbuka mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa huria na hapakuwa na ruhusa ya kuomba. Lakini programu huenda mbele kila mwaka, na tafsiri haitembei peke yake. Anayeifasiri mara moja amejitwika kazi isiyokwisha. Ndivyo ilivyo pia kwa programu ya uigaji. Kila kosa lililogunduliwa lahitaji mtu wa kulisahihisha, na kila sahihisho lahitaji mwingine wa kuhakikisha kwamba halikuharibu kitu kingine. Kazi hiyo ndiyo inayoweza kufanywa mezani pa chakula katika nyumba ya Queensbury, baada ya watoto kulala, na mhandisi ambaye leseni yake ilikwisha. Haitamlipa. Itamweka tu ndani ya fani yake, na msimbo alioandika atakayeusoma Eldoret hatauliza ana kibali cha kufanya kazi au hana.

Uzito wa jambo hili unaonekana waziwazi Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo. Ndani ya maji yake ya kina kumeyeyuka takriban kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani na 300 za kaboni dayoksaidi. Mwaka 1986, Ziwa Nyos nchini Kameruni, dogo mno likilinganishwa na Kivu, lilitoa ghafla kaboni dayoksaidi yake usiku na kuua watu wapatao 1,700. Kandokando ya Kivu wanaishi watu wapatao milioni mbili, na Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma ikaingia ziwani. Gesi hiyo ni hatari, na ni mali pia. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kiliitumia tangu miaka ya 1960, na mtambo wa KivuWatt, ulioko upande wa Rwanda na kuzinduliwa mwaka 2016, huzalisha megawati 26 za umeme.

Namna ya kuivuna ni rahisi kueleza. Bomba hushushwa hadi mita 350 hivi. Maji yakianza kupanda, shinikizo hupungua, mapovu hutokea na kuyasukuma maji yenyewe juu, kama chupa ya soda iliyotikiswa. Kwenye chombo cha kutenganishia gesi hutoka. Kisha gesi huoshwa kwa maji, kwa kuwa kaboni dayoksaidi huyeyuka ndani ya maji zaidi ya mara 20 kuliko methani, na methani hubaki ikiwa safi zaidi. Ugumu uko katika kuchagua shinikizo la chombo kile. Likiwa dogo mno, methani nyingi itatoka, lakini itatoka na kaboni dayoksaidi tele. Likiwa kubwa mno, methani itabaki ndani ya maji na kurudi nayo ziwani. Na hayo maji yanayorudishwa, uzito wake umebadilika. Yakirudishwa kwenye kina kisichofaa yanaweza kuvuruga matabaka ambayo ndiyo yanayoishikilia gesi yote chini. Kwa sababu hiyo kundi la wataalamu liliandaa mwaka 2009 miongozo ya uvunaji, inayogusa hata kina cha kurudishia maji.

Hesabu zote hizo, kuanzia mapovu hadi kuosha, ni za aina ile ambayo programu za uigaji zilitungiwa. Mwekezaji huzifanya kwa programu aliyoinunua, kisha huwasilisha matokeo. Afisa wa serikali, au mhadhiri wa Bukavu anayeishi juu ya ziwa hilo hilo na wanawe, akipewa jedwali la majibu bila chombo kilichoyatoa, ana hiari mbili: kuamini au kukataa. Akiwa na chombo huria anayo ya tatu, ya kukokotoa upya. Pengine ataona chumvi zilizomo ndani ya maji ya Kivu hazikuhesabiwa, nazo hupunguza uwezo wa maji kushika gesi. Pengine ataona kila kitu kiko sawa. Faili lenye mchoro, kanuni zilizochaguliwa na namba zote za kuanzia ni dogo kiasi cha kutumwa kwa barua pepe. Mtu wa Gisenyi na mtu wa Bukavu wakilifungua kwa toleo moja la programu wataona jibu moja, na wasipokubaliana wanaweza kuonyeshana mstari wenyewe wa msimbo ambapo ugomvi wao unaanzia.